Mashine ya Kukaushia na Mgongo Wangu

Kwa majuma manne, msimu mmoja wa mvua, nilikwenda kazini nimevaa mashati yenye makunjo. Asiye wa Lubumbashi atauliza, kwani kuna nini? Kuna mengi! Katika kambi yetu ya wafanyakazi wa shaba, mwanamume hata kama mfuko ni mtupu, shati lake lina mstari kwenye mkono. Ukitoka na makunjo watu wanajua mambo mawili: ama mke amekukimbia, ama umeanza kunywa. Mimi mke nilikuwa naye, na pombe sikuijua. Nilikuwa na mashine.

Ilikuwa mashine ya kukaushia nguo, nyeupe, ya umeme, ya zamani hata kwa wakati ule. Injinia mmoja Mzungu alikuwa anafunga nyumba arudi kwao, vyombo vyake vimepangwa barazani watu wachague. Wenye akili waligombea vitanda na redio. Mimi niliacha baiskeli yangu pale, nikarudi nasukuma mkokoteni wa kuazima, juu yake sanduku la chuma ambalo halikuzunguka hata ukiliomba.

Mke wangu alikuwa mlangoni, mimba ya miezi sita imetangulia mbele.

"Baba, kinga iko wapi?" Kinga ndiyo baiskeli, kwa lugha ya kwetu.

"Ni hii."

"Eh! Mungu wangu. Na hii inabebaka bantu bangapi?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, maana nilijua kwa nini nimeinunua.

Huku kwetu nguo mbichi ina adui. Kuna nzi wa kahawia anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, hasa kivulini, hasa wakati wa mvua. Ukivaa nguo hiyo, kidudu kinaingia ngozini na kunenepa humo kama jipu. Dawa ya mayai hayo ni moto wa pasi. Kwa hiyo tunapiga pasi kila kitu: shuka, taulo, soksi, hata nguo za ndani. Na mimba ya kabla ya hii ilikuwa imeharibika mwezi wa saba, mke wangu akiwa amesimama kwenye meza ya pasi. Sisemi pasi ndiyo iliyoiharibu. Lakini safari hii muuguzi wa zahanati alimwambia wazi: miguu juu, mama, usisimame, la sivyo na huyu tutampoteza.

Ndugu zake wa kijijini Lukafu wasingeweza kuja kusaidia, mvua zilikuwa zimeanza na wote walikuwa shambani. Basi nikapiga pasi mimi. Ndiyo, mimi, fundi mzima wa atelie, karakana ya kampuni, pazia nimelifunga jirani asione. Yeye kitandani ananisimamia. "Mushono, baba! Mushono! Unapita juu juu sawa vile unasalimia bantu mu njia." Nami nikishatoka kwenda kazini, anainuka, anarudia zote.

Mashine niliifungua sebuleni. Ndani ya bomba la hewa panya walikuwa wamelea ukoo wao. Mkanda ulikuwa umekatika, nikashona mwingine kwa ngozi. Bushi, ile pete ya chuma inayoshikilia pipa la kuzungushia nguo, ilikuwa imelika upande mmoja, nikaomba ruhusa kwa shefu nichonge nyingine kazini baada ya saa za kazi, kwa kipande kilichokuwa kimetupwa. Na zile waya mbili za kupasha joto, moja ilikuwa imekufa. Nikajiambia moja inatosha. Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka ya kusikia mashine inazunguka.

Ikazunguka! Nilipiga kelele hadi majirani wakakimbilia kwetu wakidhani kuna msiba. Nguo zikatoka zimekauka, zina joto, zimejikunja. Nikamwambia mke wangu: sasa lala, pasi imekwisha kazi.

Siku chache baadaye nilirudi nyumbani saa sita mchana, nimesahau kitambulisho. Yeye alikuwa kitandani, miguu juu ya mto, mtu wa kutii kabisa. Nikapita karibu na dirisha, mkono ukagusa pasi. Ilikuwa ya moto.

Nilipayuka. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nikamuuliza kama anataka tuzike tena. Nilijuta neno hilo kabla halijamaliza kutoka.

Hakunijibu kwa kelele. "Baba, mutoto wetu wa kwanza, njo mi nilimuvalisha nguo yenye haikupita pasi. Nilichoka siku moja. Siku moja tu! Bile bilulu bya nzi bilimukula mugongo, alikuwa analia, minabikamua, na mi nalia. Ile mashini yako inazungukaka tu. Nani anajua kama inauwa mayai?"

Binti yetu alikuwa na miaka mitano wakati huo, mgongo wake ulishapona zamani. Sikuwa najua kwamba mama yake bado anaubeba.

Nikakaa kitandani. Nikasema, basi mgongo wangu ndio utajibu. Mashati yangu yataanikwa nje, kivulini, pale pabaya kabisa. Yatapita kwenye mashine tu, na nitayavaa hivyo hivyo majuma mawili. Nguo nyingine zote nitazipiga pasi mimi, na mishono yake. Yeye asiinuke. Mgongo ukibaki safi, mashine imeshinda.

"Na ukioza?"

"Nikioza utanikamua."

Asubuhi, kazini, wakati wa kupandisha bendera, tulisimama mistari yote kuimba nyimbo za chama tawala, na mimi katikati na shati kama karatasi iliyotolewa kwenye pipa la takataka. Shefu akanivuta pembeni. Enzi hizo sote tuliitana sitwayeni, yaani raia. "Sitwayeni, muke amekimbia?"

"Hapana, shefu. Iko ku nyumba."

"Basi umwambie arudilie kazi yake."

Nikarudi kwenye mstari. Kila jioni nikifika, kabla ya chakula, nilivua shati karibu na dirisha, naye akaupitia mgongo wangu kwa vidole, polepole, kama anachagua mchele. Nakiri nilianza kuisubiri hiyo saa tangu asubuhi.

Siku ya tisa vidole vilisimama. "Baba. Iko kimoja."

Akapaka vazelini, kesho yake akakikamua, kidudu cheupe kimeshiba. Nilingoja aniambie, si nilikuambia? Hakusema hivyo. Alisema, "Tuache, baba. Nitapiga pasi mupole mupole," na sauti yake ilitaka kuniliwaza. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kidudu.

Nikaifungua mashine tena, maana kosa nililijua, nililiacha mwenyewe. Waya iliyokufa niliitoa, nikabomoa resho yetu, jiko dogo la umeme, nikachukua waya yake nikaikata kwa kipimo. Tukarudi kupikia kwenye mbabula, jiko la makaa, chini ya ukingo wa paa, mvua inaturushia matone kwenye sufuria. Mke wangu hakulalamika hata siku moja, na yeye kwa kulalamika hana mpinzani.

Mashine sasa ilitoa joto la kukufanya urudishe uso nyuma. Nikaanza kuhesabu upya. Mashati yale yale, kivuli kile kile, bendera ile ile, shefu na macho yake. Kila Jumamosi nilisafisha manyoya ya nguo yaliyonasa kwenye chujio, natia grisi, nakaza mkanda, nikizungumza na mashine kama na mgonjwa. Siku ya tisa ikapita. Siku ya kumi na nne alipitisha vidole mara mbili, akarudia mara ya tatu: hapakuwa na kitu. Akanirudishia shati, akaenda kulala. Sikuthubutu kumuuliza kama sasa anaiamini mashine.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, mvulana, mzito, mwenye kelele za baba yake. Siku walipotoka hospitali mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nikatoa kishati chake kwenye mashine, kimejikunja chote, nikakiweka mezani. Pasi nilikuwa nimeshaiwasha, nimeijaribu kwa mate, inachemka. Sikutaka ajilazimishe kwa ajili yangu.

Aliitazama pasi. Akamtazama mtoto, mgongo wake laini usio na alama yoyote.

"Zima ile kintu," akasema.

Akakichukua kishati na makunjo yake yote, akapanda nacho kitandani, akamvalisha mtoto. Nikachomoa waya ya pasi, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda, nikaishika miguu ya mke wangu, nikalia bila haya.