Sentensi Moja Kuhusu Kamoriki

Nilifundisha shule moja na Nei Rotia, yaani Bi Rotia, kwa miaka kumi na mmoja hapa Bikenibeu, Kiribati, meza zetu zikitazamana katika chumba cha walimu. Mimi nilikuwa wa jiografia, yeye wa historia, na ndiye aliyeshika ufunguo wa maktaba, yaani makabati matatu ya vitabu na kompyuta mbili. Wanafunzi walimwogopa kwa swali moja tu. Ukimpelekea insha yenye habari uliyoiokota kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua na kuandika ndani yake, hakukugombeza. Alikuuliza, "Nani kasema?" Ukijibu kwamba kamusi ndiyo imesema, alikurudishia karatasi yako. Alikutaka ushuke hadi chini ya ukurasa, kwenye tanbihi, uone habari imetoka kitabu gani au gazeti gani. Kama hakuna tanbihi, alisema, basi hujui kama umeelezwa na mtu aliyeona au na mtu aliyetamani iwe hivyo.

Baba yake, Kamoriki Biribo, alikuwa baharia, kama wanaume wengi wa hapa kwetu wanaokwenda kufanya kazi kwenye meli za mizigo za Ulaya. Rotia alikuwa na miaka tisa, na mdogo wake Ioteba miaka minne, meli ya baba yao ilipozama katika Ghuba ya Biscay wakati wa baridi, mwaka 1994. Iliitwa Alda Norden. Walikuwemo watu kumi na tisa, wakaokolewa wanane. Kampuni ilituma barua na mkoba wenye nguo alizoziacha bandarini. Mwili haukuonekana.

Mama yao, Nei Bwena, alikataa kuweka matanga. Hakulia hadharani wala hakuvaa nyeusi. Alisema watu wa hapa wameshapelekwa na maji miezi mitatu na wakapatikana hai mbali kabisa, wakila samaki wabichi, sasa kwa nini Kamoriki asipatikane? Ndugu walimwacha wakidhani atachoka mwenyewe. Miaka ishirini na nne ilipita hajachoka. Nyumbani kwao hakuna aliyesema "marehemu". Kukipikwa shelisheli, alitaja jinsi Kamoriki alivyopenda ganda lake liungue kidogo, na alisema "anapenda", si "alipenda".

Mwaka 2018 msichana mmoja wa kidato cha tano aliandika insha kuhusu mabaharia wetu. Rotia alikuwa akiisahihisha mbele yangu, kalamu nyekundu mkononi, mara nikaona kalamu imesimama. Aliniomba nisome mstari mmoja. Ulisema kwamba katika ajali ya Alda Norden, baharia mmoja wa Kiribati aitwaye Kamoriki Biribo aliokotwa na mashua ya wavuvi, na baadaye aliishi miaka mingi katika mji wa bandari kaskazini mwa Hispania.

Tulikwenda maktaba, akafungua ukurasa wa meli ile. Sentensi ilikuwepo, neno kwa neno. Nilimwona akishuka hadi chini ya ukurasa, kisha akapandisha tena upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba asichotaka kuingia. Haikuwa na tanbihi. Nilikuwa na lile swali lake mdomoni, nikalimeza. Siku ile hakumaliza kipindi cha mwisho. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake.

Baadaye aliniambia kwamba Nei Bwena alisikiliza amesimama, akamwambia asome tena, na mara ya tatu ndipo alipoketi. Alichosema ni kimoja tu: "Nilikuwa nawaambia."

Kuanzia hapo bibi yule akawa mtu mwingine. Alikata majani ya mkadi na kusuka mkeka mpya wa watu wawili. Alianza kuimba tena kanisani. Alimwagiza Rotia aandike barua kwa wakuu wa kila mji wa bandari kule kaskazini mwa Hispania, na zikaandikwa, kumi na nne. Jibu moja lilirudi, la adabu, likisema hawamjui mtu huyo. Nei Bwena alisema wamekosea jina, Wazungu hawajui kulitamka. Kila jioni baada ya kazi Rotia alipita kwake, na swali lilikuwa lilelile: kuna kilichoongezwa? Rotia alifungua simu, akamsomea sentensi ile, ingawa mama alikuwa ameshaihifadhi.

Nilimuuliza siku moja kama ametazama historia ya ukurasa. Kamusi ile huweka kumbukumbu ya kila badiliko, nani kaandika na lini, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanafunzi pa kubonyeza.

"Nitatazama," alisema.

"Lini?"

"Mwalimu mwenzangu, niache kidogo. Nimekaa miaka ishirini na nne bila baba. Unionee wivu miezi sita?"

Nikarudi kwenye madaftari yangu.

Mwezi wa saba sentensi iliondolewa. Mhariri mmoja aliyejiita Nanga, asiyejulikana yuko nchi gani, aliifuta na kuacha maelezo mafupi: haina chanzo. Rotia akairudisha. Nanga akaifuta. Rotia akairudisha tena, mara ya tatu akiwa darasani huku wanafunzi wakifanya mtihani. Hapo Nanga alimwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano, bila ukali, akasema anaomba tu kujua nani amesema jambo hili na wapi.

Rotia alinionyesha maneno yale. Uso wake ulikuwa umewaka aibu. Alijibu kwa Kiingereza chake cha darasani kwamba mtu huyo ni baba yake, na kwamba mama yake ana miaka sitini na saba na anasubiri. Siku mbili Nanga hakuandika. Siku ya tatu alisema anasikitika sana, na kwamba amekwenda kutafuta. Nchi iliyosajili meli ile ilifanya uchunguzi wa ajali, na ripoti yake imo kwenye hifadhi ya nyaraka. Alikuwa amepiga picha kurasa mbili.

Kabla ya kuzifungua, Rotia alibonyeza historia. Sentensi ya baba yake iliandikwa miaka mitatu nyuma na mtu aliyejiita Taake. Taake ni ndege mweupe wa baharini, na ndilo jina la utani ambalo Kamoriki alimpa mwanawe wa kiume alipokuwa mtoto.

Alimpigia Ioteba pale pale, nikiwepo. Ioteba alikuwa Queensland, akichuma matunda kwenye mashamba ya Waaustralia kama vijana wengi wetu. Simu iliwekwa wazi mezani.

"Taake," Rotia alisema, "nani kaandika habari za baba kwenye ukurasa wa meli?"



"Dada, mmeiona?"

"Mama anaijua kwa moyo. Ameisukia mkeka."

"Mungu wangu. Dada, sikujua kuna mtu angesoma. Nani anasoma habari za meli iliyozama?"

"Sasa uliandika kwa nini?"

"Ilikuwa Jumapili, wenzangu wamekwenda kanisani, mimi naumwa. Nikasoma ukurasa ule, mizigo imetajwa, tani zimetajwa, yeye hayumo. Wewe unamkumbuka, mama anamkumbuka. Mimi sina hata sauti yake. Nilitaka pawe na mahali pamoja duniani ambapo yuko hai, basi."

Rotia hakumtukana. Alimwambia atampigia baadaye, akakata, akafungua zile picha za Nanga.

Ulikuwa ni ushahidi wa mpishi wa meli, Mfilipino, mmoja wa wale wanane. Alieleza kwamba taa zilizimika, na kwamba baharia mmoja alibaki juu ameshika kamba ya boti la mpira la kuokolea ili lisipeperushwe na upepo wakati wenzake wakishuka. Alikuwa akiwaita kwa majina, mmoja mmoja. Mpishi alipokuwa tayari ndani aliona wimbi likipita juu ya sitaha, na lilipoondoka hapakuwa na mtu. Jina la baharia huyo limeandikwa Kamoriti Birribo.

Jumamosi asubuhi Rotia alikwenda kwa mama yake, akaniomba niwe pamoja naye. Alimweleza yote, hata la Ioteba.  Aliposomewa ya mpishi, Nei Bwena aliuliza kama huyo mpishi aliona kwa macho yake au alihadithiwa. Rotia akasema aliona. Akauliza kama ni kweli imeandikwa kwamba alikuwa akiita watu kwa majina. Ni kweli.

"Ndiye," alisema. "Hata kuku alikuwa akiwaita kwa majina."

Alilia hapo, kwa sauti, mbele yangu, nami sikujua nitazame wapi. Alipotulia alisema Ioteba arudi nyumbani, asiogope.

Ioteba alifika mwezi wa kumi na moja. Ndugu waliweka matanga siku tatu kwenye maneaba, ukumbi mkubwa wa ukoo, wakala magimbi na samaki wa chumvi, misa ikasomwa. Nei Bwena alimketisha mwanawe karibu naye muda wote, na watu walipotaka kumchokoza kijana kwa uongo wake aliwanyamazisha kwa jicho.

Kwenye kamusi Rotia aliandika upya, safari hii na tanbihi. Palizuka ubishi mwingine, maana Nanga alisema jina lifuate ripoti. Rotia akamjibu kwamba karatasi ya serikali imekosea jina na yeye amezaliwa nalo. Alituma picha ya kitabu cha ubaharia cha baba yake. Wakakubaliana jina sahihi likae juu, kosa la ripoti litajwe chini. Darasani bado anauliza nani kasema, ila sasa huongeza swali la pili, kwamba aliyesema alikuwa akitaka nini, na hulisema kwa upole.

Mwaka jana nilimtembelea Nei Bwena, nikamkuta akimenya shelisheli. Nilimwambia angalau sasa moyo umetua. 

"Umetua, mwanangu. Lakini ile miezi niliyokuwa nikisomewa, nilikuwa na mume. Nilikuwa nachana nywele."

Nilimweleza Rotia maneno hayo tulipokuwa tukifunga maktaba. Aliwasha tena kompyuta, akafungua historia ya ukurasa, akarudi nyuma hadi toleo la zamani. Kamusi ile haifuti kitu kabisa. Sentensi ya Ioteba bado imo, na tarehe yake. Aliniambia huja kuisoma, si mara nyingi. Aliisoma mara moja kimya, akazima, tukatoka.