Kura Tatu Zilizoganda kwenye Vanishi

Uvumilivu wangu ulikatika mbele ya meza mpya. Ilikuwa ofisi ya walimu, shuleni kwa binti yangu Neema, hukuhuku Temeke, na meza ilikuwa imepakwa vanishi majuzi tu, bado inanuka. Darasa la tano walikuwa wamechagua kiranja. Neema na mwenzake mmoja waligombea, watoto wakatumbukiza vikaratasi kwenye boksi la chaki, mwalimu akaingia nalo ofisini peke yake na kutoka na jina la yule mwenzake. Mara ya kwanza nilipokwenda kuuliza niliambiwa nirudi kesho, mara ya pili mwalimu hayupo. Mara ya tatu nikamkuta, nikamuuliza kwa adabu zangu zote kura zilihesabiwa wapi, mbele ya nani. Akacheka kidogo. "Mama Neema, haya ni mambo ya watoto tu, usijipe presha." Hapo adabu ikaisha. Niliyomwambia siyaandiki hapa. Nikatoka, na ile harufu ya vanishi ikanifuata mpaka getini, ikanirudisha Keko, kwa baba.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa seremala, karakana yake mabati manne na nguzo sita kando ya barabara, na sie tuliishi chumba cha nyuma, kwa hiyo nililala, nikala na kufanya kazi za shule ndani ya vumbi la mninga. Mwaka ule aligombea uenyekiti wa mtaa. Mpinzani wake alikuwa Mama Upendo, mwalimu mstaafu kutoka Kilimanjaro, mrefu, mtu wa kukusahihisha Kiswahili chako hata ukimuuzia mchicha. Baba, mtu wa Newala, alikuwa mfupi na mcheshi. Mama Upendo alimtania kwenye kampeni kwamba anaomba kiti ambacho miguu yake haitagusa chini, baba akajibu kwamba hicho kiti atajitengenezea. Sanduku la kura la mtaa lilikuwa limevunjika, wakamwomba baba atengeneze jingine. Mgombea anatengeneza sanduku la kura, na hakuna aliyeona kioja, hata Mama Upendo, maana fundi wa karibu ni nani kama si yeye? Tatizo, baba hakuweza kutoa kazi isiyong'aa. Siku moja kabla ya uchaguzi akalipiga vanishi, nje na ndani, na ulikuwa msimu wa mvua, hata nguo kwenye kamba hazikauki.

Kura zilihesabiwa uani mwa ofisi ya mtaa, mchana kweupe. Msimamizi aliinua karatasi moja moja, akasoma jina, na sisi watoto tukawa tunaitikia. Baba akashinda kwa kura mbili. Wakambeba juu juu. Mama, ambaye alikuwa na nyama tayari, akabandika pilau la mtaa mzima. Baba akarudi nyumbani na sanduku begani kwa sababu bawaba ilikuwa inalia na yeye hakupenda kazi yake ilie. Nikaingiza mkono ndani, kama nilivyofanyaga kwa kila droo aliyotengeneza, na vidole vikagusa karatasi. Zilikuwa tatu, zimekunjwa, zimegandia kwenye kona ya chini.

Nikamwambia, "Baba, kuna kura humu."

Nilitaka kuzibandua, akanishika kiganja, taratibu. "Acha." Akakaa juu ya mbao. Pilau lilianza kunukia, nje watu wanapiga madebe na kuimba jina lake, naye amekaa tu, mkono wake mgumu umeushika wangu. Kisha akalipandisha sanduku begani, tukarudi ofisini mimi na yeye, tukiwapita walewale waliombeba. Msimamizi alizibandua kwa patasi ya baba. Zote tatu zilikuwa za Mama Upendo.

Baba akawa ameshindwa kwa kura moja. Mama Upendo, aliyekuwa bado pale uani, akasema, "Fundi, hicho kiti sasa nipimie mimi." Watu wakacheka, na nadhani ndicho kilichomwokoa baba asilie. Pilau tulikula na Mama Upendo. Wageni walipoondoka mama akawa anagonganisha sahani, akamuuliza baba, "Hata kuchungulia hukuchungulia?"

"Ningechungulia nisingerudi," baba akasema.

Kiti alikitengeneza, cha mninga, kirefu. Hakugombea tena. Sasa ni mzee, ananiuliza habari za Neema kila Jumapili, na mie sijathubutu kumsimulia hili. Neema naye ameniuliza mara moja tu, wakati namsuka: "Mama, kwani nilipata ngapi?" Baba alijua alishindwa kwa ngapi, na nilimwona akilala usingizi wake vizuri. Mwanangu hajui. Hicho ndicho kinachonichoma, wala si ukiranja.

Jumatatu nilipeleka barua, nikasimama mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo ya kumsomea baba Jumapili. Inasema hivi: "Yah: Kura za kiranja, darasa la tano. Mwalimu Mkuu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Siombi binti yangu apewe ukiranja. Sijui kama alishinda. Naomba vikaratasi vya watoto virudishwe darasani, vihesabiwe kimoja kimoja mbele yao. Kama vilitupwa, basi wapige kura upya. Sanduku atatengeneza baba yangu, na safari hii ndani hatapaka vanishi."