Mayai ya Rejeta

Mume wangu, Mungu amrehemu, alinunua gari kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Karani wa bandarini, nyumba yake ya udongo Temeke, na gari! Wenzake wakasema kabahatika. Mie nikasema moyoni, ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Mzungu alikwishalifyonza gari lile akabakiza makapi, na makapi hayo ndiyo niliyoletewa uani kwangu.

Saa ya maili ilikuwa imejaa mpaka namba zikarudi kuwa sifuri tupu. Mtu mwenye akili zake angeogopa. Yeye aliwaita wageni wachungulie: "Tazameni, limeanza upya." Lo! Kwa hesabu hiyo hata bibi yangu, aliyeng'oka meno yote, alikuwa mtoto mchanga.

Kulitunza gari lile kuliila nyumba. Tangi la petroli likitoboka, analisugua kwa sabuni yangu ya kufulia mpaka tundu lizibe. Giaboksi ikipiga kelele, anaitia ndizi mbivu pamoja na maganda yake, inatulia siku mbili, kisha inaanza tena. Bomba likivuja analifunga kwa khanga, tena pande jipya, sijalipinda hata upindo. Lakini balaa lenyewe lilikuwa rejeta. Ilivuja maji, na dawa yake ni yai bichi: unalivunjia humo, maji yakichemka yai linaiva na kuziba penye tundu. Basi kuku wangu wanataga, gari linakula. Wanangu wanakunywa chai kavu.

Ukimwambia neno anakujibu, "Gari kuukuu lataka mapenzi." Mapenzi! Mie niliugua homa mwezi mzima, hakuniuliza hata kama nimekunywa maji.

Binti yetu wa kwanza akachumbiwa. Ndoa ikapangwa Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwa mama yangu, Kinondoni. Akina baba wengi walikuwa wakimwachia shehe aseme yale maneno ya kuozesha, wao wamekaa wanatikisa kichwa tu. Binti yangu hakutaka hivyo. Alimfuata babake, na babake alikuwa chini ya gari, imebaki miguu tu nje. Akamwambia, "Baba, nakuomba kitu kimoja. Uniozeshe kwa mdomo wako." Baba mtu akamwapia huko huko chini.

Na kweli, tusidhulumiane, alijifunza. Nikipita uani namsikia anakaza nati huku anasema, "Nimekuoza binti yangu." Anaikaza tena, "Nimekuoza binti yangu." Siku zile nilimpenda tena kidogo.

Sie wanawake tukatangulia Kinondoni na bibi harusi. Kabla ya kuondoka nilimwambia, "Ijumaa panda basi asubuhi na mapema, hilo gari liache." Akanitazama utadhani nimemtukania mamake. "Baba wa bibi harusi ashuke kwenye basi pamoja na matenga ya samaki?"

Haya. Ijumaa wanaume wakatoka msikitini wakakaa barazani: bwana harusi na joho lake, shehe, mashahidi, na mdogo wake mume wangu. Pilau limefunikwa linangoja. Baba mtu hayupo. Ndani binti yangu, hina imekolea mikononi, kila gari likilia njiani anainua kichwa, likipita anakiinamisha.

Wakaja watu wawili na baiskeli zao, jasho linawatiririka. Mmoja akaniita pembeni. "Shikamoo, mama. Mzee yuko Jangwani, gari limechemka. Tumemwambia apande nyuma tumlete, kakataa. Anasema akiliacha wataling'oa magurudumu. Amesema mdogo wake amuozeshe mtoto badala yake, na sisi ndio mashahidi."

Nikadhani amemaliza.

"Na anaomba mayai mawili, mabichi."

Astaghfirullahi! Mtoto anaolewa, mwanamume mzima kakaa njiani analinda magurudumu! Nikaenda jikoni, nikachukua mayai mawili yaliyokwisha kuchemshwa, nikayafunga kwenye karatasi. Nikamwambia yule bwana, "Mpelekee. Mwambie ale, asije akafa njaa kazini kwake."

Shehe akawahoji wale wawili, akaridhika. Akaja na mashahidi nyuma ya pazia la chumba chetu, akauliza, "Binti, umeridhia baba yako mdogo akuozeshe kwa bwana huyu?" Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu, kimya vile vile. Kwetu mwanamwali akinyamaza amekubali, maana haya zimemzuia kusema. Shehe akasema, "Alhamdulillahi," vigelegele vikapasua paa. Somo yake, yule aliyemfunda, akanigonga bega anacheka, "Mwanao ana haya huyo!"

Haya gani! Mie nilikuwa ubavuni pake, mkono wake umo mkononi mwangu. Bwana harusi alimtaka mwenyewe, hakuwa na la kuonea haya. Swali lile wala hakulisikia. Sikio lake lilikuwa dirishani, anausikiliza ule mkweche kama unakuja.

Kesho yake mchana mume wangu akafika Kinondoni, gari linavutwa kwa kamba na lori la mkaa. Mtoto alikwishapelekwa kwa mumewe. Watu wakamwamkia. Akanifuata jikoni, mikono myeusi kwa grisi, akaniuliza chini chini, "Shehe alipomwuliza, alijibu?"

"Hakujibu," nikamwambia. "Alikuwa anakusikiliza wewe."

Akasimama pale. Midomo ikamcheza, nikadhani sasa yatamtoka yale maneno aliyojifunza. Kisha akatoka nje, akachukua turubai, akalifunika gari lake jua lisilichome.