Milango Miwili Hadi Sigor

Niliondoka nyumbani Kapsoit kwa sababu ya macho ya mama mkwe wangu. Naliandika hili mwanzoni kabisa, ili msomaji akikutana na habari za turbo huko mbele asidhani nilikuwa na shida ya kichwa. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa miaka miwili alikataa kabisa kupasuliwa. Mwezi ule akakubali. Daktari wa macho alikuwa anakuja Kericho Jumatano, siku moja tu, na wagonjwa wangeandikwa hadi saa sita mchana. Tukimkosa, tungengoja karibu mwaka mzima, na Mama alikuwa tayari anapapasa ukuta kwenda jikoni kwake.

Pikapu yangu ilikuwa imekufa injini. Mke wangu Chebet ni mwalimu, hapendi maneno mengi. Shule zilipofungwa alitangulia kwa mama yake Sigor, akaniachia agizo moja: "Baba Cherono, tafuta gari. Gari ya kila siku." Nami nikalielewa agizo hilo jinsi nilivyotaka mwenyewe.

Jumatatu asubuhi, Kedowa. Nilifika kwa lori la maziwa, nikashukia kwenye gereji ya rafiki yangu Nyakundi. Ni Mkisii aliyekuja huku zamani. Tulifanya kazi pamoja karakana ya kiwanda cha chai mpaka tukaanza kufanana mikono. Alikuwa ameleta gari mbili kuukuu kutoka Japani kupitia Mombasa. Zilikuwa gari za mbio, aina moja, injini moja, turbo moja, kile kipulizo kinachoipa injini nguvu. Lakini zilikuwa ndugu wasiofanana tabia.

Ya kwanza ilikuwa ya buluu, imelala chini, ina spoila nyuma, bawa pana ambalo mtu angeweza kuanikia nguo za nyumba nzima. Springi zake zilikuwa ngumu, klachi nzito, na viti vyake vinakushika mbavu kama fundi cherehani anayekupima. Ya pili ilikuwa rangi ya majivu, imeinuka kidogo, viti vya kawaida, ekzosi yenye heshima. Ukiiona mbele ya kanisa ungesema ni ya mzee wa kanisa.

"Ile ya majivu ndiyo ya kila siku," Nyakundi akasema. "Hii ya buluu ni ya siku moja moja, tena uwe umekosana na mgongo wako."

"Wacha bwana. Nimeendesha trekta miaka kumi. Mgongo gani?"

"Rono, barabara ya Sigor unaijua."

"Naijua. Ndiyo sababu nataka kuipita haraka."

Alicheka mpaka akashika bampa. Bei tulikuwa tumeshaelewana, ilikuwa sawa kwa zote mbili, kwa hivyo nilibaki na kuchagua tu. Nami nilichagua kwa makini, msinidharau. Nililala chini nikatazama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nilifungua buti nikapima kwa mikono kama kapu la Mama litaingia, nikaona litaingia. Nilisikiliza injini zote mbili zikiwa baridi na zikiwa moto. Nilijiambia kwamba ile ya buluu, kwa kuwa ina kasi, itapunguza muda wa mgonjwa kukaa njiani, kwa hivyo kwa kweli ndiyo gari ya kila siku. Mtu mzima anaweza kujidanganya vizuri sana akiwa amekaa kwenye kiti kinachomshika mbavu.

"Chukua hiyo, nenda nayo Sigor," Nyakundi akasema. "Ukirudi Alhamisi utaniambia unabaki na ipi."

Jumanne saa nne, njia ya Litein. Kutoka Kericho mjini chai ilikuwa pande zote mbili, kijani hadi macho yachoke, na wachumaji wakiinua vichwa kila nikibadilisha gia. Turbo ya gari lile ilikuwa na tabia yake. Ukikanyaga, haifanyi kitu. Inafikiria. Halafu ghafla inakumbuka jambo la kuiudhi, na wewe unajikuta umeshika usukani kwa mikono miwili ukimtaja Mungu. Nilifurahi, sisemi uongo. Kati ya tuta na tuta niliruka kama kijana. Juu ya tuta lenyewe niliteremsha gari polepole, nusu ya kushoto kwanza, halafu nusu ya kulia, huku tumbo lake likikwaruza lami. Mwendesha baiskeli mwenye gunia la kabeji alinipita kwenye kila tuta, nami nikampita kila baada ya tuta, hadi tukazoeana tukaanza kusalimiana.

Sotik nilisimama kuweka petroli, ambayo gari lile lilikunywa bila aibu. Mzee mmoja mwenye koti la mvua alilizunguka, akainama, akainuka, akauliza kwa lafudhi ya kwetu.

"Kijana, hii kari ilikaliwa na nini?"

"Haikukaliwa, mzee. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Woi," akasema kwa huruma ya kweli, akaenda zake.

Jumanne jioni, Sigor. Kutoka Bomet lami ilikwisha, ukabaki udongo uliokunywa mvua ya juzi, nami nikatambaa. Nilifika giza likiingia, nikaegesha gari kwenye kituo cha biashara, nikalala nyumba ya wageni, maana kwa mkwe hulali ovyo. Chebet alikuja kunisalimu na chupa ya chai. Gari alilimulika tochi kidogo tu, mbele, akaona taa.

"Umerudi salama kutoka Turbo?" akauliza.

"Turbo gani?"

Kumbe ujumbe niliotuma wiki iliyotangulia kwa karani wa ushirika wa huko, kwamba naja na turbo, ulifika Sigor ukiwa umebadilika. Walielewa nimekwenda Turbo, kule upande wa Eldoret. Jumapili kanisa zima lilikuwa limeniombea safari njema ya mji ambao sikuwa na shughuli nao.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, kwa mama mkwe. Hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji wasio wa kwetu. Mwanaume wa Kipsigis hamshiki mkono mama mkwe wake, hakai naye bega kwa bega, na kwa watu wa rika la Mama, hata maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Si uadui. Ni heshima, na Mama alikuwa ameishika hata baada ya kuokoka. Kwa hivyo nilisimama upande wa mbele wa gari, nikatazama mahindi.

Mama alitoka amevaa leso mpya na sweta ya kanisani, kapu mkononi. Hakutaka kushikwa. Alifika kwenye gari, akaweka kiganja juu ya bodi, akaanza kulipapasa kutoka mbele kwenda nyuma. Akapita mlango wa mbele. Akaendelea. Akafika kwenye spoila, akaishika pande zote. Akazunguka upande wa pili akipapasa vilevile. Halafu akamgeukia Chebet.

"Mlango wangu uko wapi?"

Nilikuwa nimetazama taa, sampu, springi, mpaka mkeka wa buti. Milango sikuihesabu. Gari la buluu lilikuwa na miwili, na mmoja ulikuwa wangu.

Chebet alinitazama mimi, akatazama gari, akanitazama tena. "Baba Cherono," akasema taratibu, na afadhali angepiga kelele.

Tulijaribu. Tulikunja kiti cha mbele ili Mama apenye nyuma. Goti lake lilikataa kupinda, leso ikanasa, akarudi nje akihema. Kwa hivyo palibaki kiti cha mbele tu, pale ambapo mkono wangu ungemgusa goti kila nikibadilisha gia. Hapo hata sikuthubutu kupendekeza. Gari jingine halikuwapo. Lililokuwa likienda Bomet lilikuwa limeondoka alfajiri. Mama akaketi kwenye kigoda mlangoni, akaweka kapu chini.

"Mwambie hakuna neno," akasema. "Nitangoja daktari mwaka mwingine. Nimeshazoea kupapasa."

Hapo nilitaka kulia, na si kwa namna ya kusema tu. Miaka miwili Chebet alikuwa amembembeleza, na mimi nilikuwa naivunja kazi hiyo kwa spoila.

"Lete funguo," Chebet akasema.

Chebet alijifunzia gari kwenye pikapu yangu na leseni anayo, lakini hajawahi kuzidi kilomita arobaini kwa saa, na anajivunia hilo. Mama aliketi mbele, kushoto. Chebet akashika usukani. Mimi, mwenye gari, nilisukumwa nyuma ya dereva, nikajikunja magoti yakafika kidevuni, uso nimeugeuza kwenye kidirisha kisichofunguka.

Saa moja hadi saa tatu, Sigor hadi Bomet. Mtelemko mmoja ulitushika, gari likakaa kwa tumbo na magurudumu yakazunguka bure. Ilinibidi nitoke, yaani Chebet kwanza, halafu kiti, halafu mguu wangu uliokufa ganzi, halafu mimi. Watu wawili waliokuwa wakikamua ng'ombe waliacha ndoo wakaja tukasukuma. Turbo ilikumbuka hasira zake wakati huohuo, ikanipaka matope kutoka paji la uso hadi viatuni. Nilirudi nyuma kwenye shimo langu nikiwa nanuka. Hakuna aliyecheka. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Baada ya Bomet tulipata lami. Chebet aliendesha kilomita thelathini na tano kwa saa, gia ya tatu, mgongo wima, huku injini ya mashindano ikigugumia. Halafu Mama akasema, akitazama mbele bila kuona kitu:

"Chebet, muulize kama huko nyuma ana hewa."

"Mwambie ninayo," nikasema. Sikuwa nayo.

"Mwambie pole. Mimi nilipokuwa napanda pikapu yake nilikuwa nayo nyingi, mpaka mafua."

Niliinua kichwa nikagonga paa. Kwa miaka sita, kila nilipombeba Mama kwenda kanisani au sokoni, alikuwa akipanda nyuma ya pikapu, kwenye wazi, pamoja na mikebe ya maziwa. Mvua ya mawe ilimkuta huko, na upepo wa asubuhi. Nilikuwa nikiwaambia watu, tena kwa kicheko, kwamba mama mkwe wangu anapenda kupunga upepo. Kumbe ndani palikuwa na kiti kimoja kirefu, na mimi nilikuwa nimekikalia.

"Na ndiyo sababu ulikataa daktari?" Chebet akauliza, sauti imebadilika.

"Macho yaliyopasuliwa yatakaaje kwenye vumbi?" Mama akasema. "Ningesemaje? Ningesema kijana wa watu atoke kwenye gari lake? Pikapu ilipokufa ndipo nikakubali."

Chebet hakuyapitisha maneno hayo kwangu. Hapakuwa na haja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niwe mtu mzima, na kwa bahati nilikuwa mahali ambapo hakuna aliyeweza kuniona usoni.

Saa tano na nusu, Kericho. Mama aliandikwa. Chebet aliegesha gari katikati ya njia ya hospitali, akashuka, akaniacha ndani kwa kusahau; askari wa lango ndiye aliyekunja kiti akanitoa. Alasiri Mama alipasuliwa jicho la kulia. Kesho yake asubuhi waliondoa bandeji nikiwa nimesimama mlangoni. Alimtazama Chebet kwa muda mrefu, akamshika mashavu, akamwambia amekonda. Halafu akanitazama viatu, maana usoni haifai.

"Mwambie viatu vyake vina matope," akasema, huku machozi yakimtoka kwenye jicho lililopona.

Alhamisi mchana, Kedowa. Nyakundi alilizunguka gari lake la buluu, akatazama tumbo lililokwaruzwa, akanitazama mimi. Nilimwambia nitalipaka rangi mwenyewe.

"Unataka ile ya mzee wa kanisa," akasema.

"Nataka ile yenye milango minne."

"Kwani hukujua hiyo ina miwili?"

"Nilijua. Sikuwa nimehesabu."

Ijumaa, kurudi Sigor. Lile la majivu lilipita matuta bila kuomba ruhusa. Nilishika usukani, Chebet kando yangu, na Mama nyuma upande wa kushoto, peke yake, na mlango wake. Alipoingia aliufungua mwenyewe, akaufunga, akaufungua tena, akaufunga. Hakuna aliyemharakisha. Turbo ilikuwa ileile, nami niliiacha ilale. Nilikuwa nimejifunza: kasi ni ya dereva, lakini gari ni ya watu wote watakaopanda, na niliwaza kuyaeleza hayo Kapsoit kwa wanaume wenzangu, kwa sauti ya mtu aliyekomaa. Nilikwenda kilomita thelathini na tano kwa saa, gia ya tatu, mgongo wima.

Tulikuwa tumeipita Litein, barabara imenyooka, jua limetoka baada ya mvua, Mama ameegemea dirisha akitaja kila anachokiona, mbuzi, kibanda, mtoto mwenye kaptura nyekundu. Halafu akafuata kitu kwa macho kutoka dirisha la nyuma hadi la mbele, akamgusa Chebet begani.

"Mwambie huyo mtu," akasema, "tumepitwa na trekta."