Mabati ya Mwalimu Kamaldine

Hakuna mtu wa Kasongo aliyewahi kumwona Soraya akitembea haraka barabarani. Mwanamke aliyesoma hadi Kindu, akafundisha Kifaransa sekondari mpaka mvi zikamtoka, anakimbilia nini? Lakini siku ile watu wa sokoni walimwona akipita, mtandio umemwangukia begani, matope yameshika pindo la kitenge, na waliomsalimu hawakujibiwa. Alikuwa anakwenda kwenye ukumbi wa mji, na kichwani mwake lilizunguka neno moja tu: mwizi.

Neno hilo aliletewa asubuhi na Régina. Régina alikuwa mwanafunzi wake zamani, na sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa kamati ya tamasha la filamu. Kwa mara ya kwanza mji wao ulikuwa na tamasha la namna hiyo, la filamu zisizochezwa na waigizaji, zinazoonyesha watu na maisha yao kama yalivyo. Redio ilikuwa imetangaza tangu masika: mwenye filamu ailete, awe wa Kabambare, awe wa Kindu, awe wa Goma, mradi isiwe ndefu kupita kiasi. Itakayoshinda ingepelekwa Kinshasa.

Régina alikaa barazani kwa Soraya, akawa anazungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Madamu, kuna filamu moja juu ya shule zetu. Iko nzuri. Lakini ndani yake marehemu Mwalimu anaitwa mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa mabati. Mabati ya shule."

Soraya aliinua macho akatazama juu ya vichwa vyao. Baraza ile ilikuwa imeezekwa kwa nyasi. Nyumba nzima ilikuwa na bati, nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye madirisha ya vioo. Baraza, na jiko kule nyuma, vilikuwa na nyasi, kama kofia ya mkulima kwenye kichwa cha hakimu. Miaka mingi nyuma kimbunga kiling'oa paa la madarasa mawili ya shule aliyoiongoza mumewe, Kamaldine. Serikali iliandikiwa, ikanyamaza. Basi Kamaldine akapanda ngazi, akang'oa mabati ya baraza yake mwenyewe na ya jiko, akayabeba na wanafunzi wake mpaka shuleni. Soraya hakusema naye wiki nzima. Mke wa mkuu wa shule, binti wa Bakari mwenye duka, apikie chini ya nyasi! Baadaye alizoea, na baada ya kuzoea akaona fahari, ingawa fahari hiyo hakumwambia mtu. Mgeni akiuliza mbona baraza iko hivi, alijibu, "Muulize mwenye nyumba."

Sasa mwenye nyumba alikuwa kaburini, eda imekwisha, na kuna mtu alikuwa amemjibia.

Mtu huyo aliitwa Pacifique, kijana wa Bukavu mwenye kamera nzuri na ndevu zilizochongwa. Soraya alimkuta ukumbini akifunga kitambaa cheupe ukutani pamoja na wenzake. Hakumpa salamu.

"Wewe ndiye uliyemwita mume wangu mwizi?"

Pacifique alishuka kwenye kiti. "Mama, mimi sikumwita. Mimi nilishika tu kamera. Mzee mmoja alisema mbele ya watu wote, matangani, na hakuna aliyemkatalia. Watu walicheka hata. Nikasema, kumbe jambo hili linajulikana."

"Mzee gani?"

"Mzee Salomon wa Lusangi."

Soraya alishika nguzo. Hasira ilimpanda, na nyuma yake kilimpanda kitu kama kicheko, kichungu kama kwinini.

Salomon! Babu wa Salomon, mkulima Mkristo wa Lusangi, na babu wa Kamaldine, Mwislamu wa mjini, walichanjana. Walionjana damu kuwa ndugu, na tangu siku ile koo zao ni watani. Mtani huingia nyumbani kwako akachukua kuku bila kuomba. Mtani humwita mkeo mke wake. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja matangani kukutukana juu ya jeneza, watu wacheke kidogo, machozi yapumzike. Lakini ana sheria yake. Mtani humtukana marehemu kwa jambo ambalo marehemu alikuwa mbali nalo kabisa. Mlevi aliyekufa haitwi mlevi. Mwizi wa kweli husindikizwa kimya, na watani hutazama chini. Kamaldine kuitwa mwizi wa mabati, chini ya ile baraza ya nyasi, mbele ya watu waliojua yalikokwenda mabati yake, ilikuwa sifa kubwa kuliko hotuba zote za siku ile.

Siku hiyo Soraya mwenyewe alikuwa chumbani, ameanza eda, hawezi kutoka mbele ya wanaume. Alisikia kupitia ukuta sauti ya Salomon ikinguruma: "Mwizi huyu! Mulete mabati yetu! Musimuzike na mabati yetu!" Akajiziba mdomo kwa shuka, akacheka na kulia pamoja. Kamera hakuijua. Ruhusa alitoa Atumani, shemeji yake, ambaye angempa ruhusa hata mbuzi.

"Baada ya matusi yale Salomon alifanya nini?" aliuliza.

"Alipewa jogoo," alisema Pacifique. "Halafu alichukua jembe, akaenda kuchimba kaburi. Alikataa kusaidiwa. Tuliona yote. Lakini filamu ilikuwa ndefu, Mama. Tamasha ina kipimo. Nilikata."

"Ulikata."

"Nililazimika kukata."

"Huku kwetu husema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wewe uliiosha maiti ile? Ulichota hata kopo la maji? Ulikaa nasi siku moja, ukala wali wetu, ukaondoka na neno moja, na neno lenyewe hukuuliza ni la nini. Ile baraza ya nyasi uliiona?"

"Niliona. Nilisema, Mungu wangu, mutu ameiba mabati na bado..."

"Na bado anakaa kwenye nyasi! Na hilo halikukushangaza?"

Wale wenzake waliacha kufunga kitambaa. Pacifique alikuwa amewiva masikio, lakini alikuwa kijana, na kijana aliyeaibishwa mbele ya wenzake huwa mgumu. "Mama, hii ni filamu ya kweli. Mzee akikuja mwenyewe aseme kama alidanganya, nitasikia. Bila hivyo inaonyeshwa kesho kutwa."

Soraya alimgeukia Régina, aliyekuwa ameingia ukumbini nyuma yake. Régina aliangalia viatu vyake. Kanuni, alisema, haziiruhusu kamati kuondoa filamu iliyokwisha kupokelewa.

Kesho yake Soraya alikodi pikipiki. Njia ya Lusangi ni njia ya kumnyenyekesha mtu: mashimo, mchanga, madaraja ya magogo. Alikaa nyuma ya dereva amenyooka kama anasimamia mtihani. Alimkuta Salomon shambani, mgongo umepinda, anang'oa mihogo.

"Eee, mke wangu!" alipiga kelele Salomon. "Umechoka kulala peke yako? Nilijua. Lakini mimi sipokei wajane wa mjini, hawajui kutwanga."

"Salomon, leo sina utani."

"Hata mwenzako alisema hivyo, akafa."

Alimweleza. Kila alivyoeleza, uso wa mzee ulifungwa, mpaka akakaa chini juu ya fungu la mihogo.

"Anasema niko shahidi?" aliuliza pole pole. "Kwamba nilikuja kwa kilio ya ndugu yangu kumushitaki?"

"Na Kinshasa nzima itaamini."

Salomon alijifuta mikono kwenye suruali. Hakutania tena. Alimwita mkewe amletee shati la kanisani.

Ukumbi ulijaa siku ya kuonyeshwa filamu. Wageni wa Kindu na Goma walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, wenyeji nyuma kwenye mabenchi, jenereta likipiga kelele nje. Soraya alikaa mstari wa mbele bila kualikwa, Salomon kando yake. Shule zilipita kwenye kitambaa: watoto wamekaa juu ya mawe, mwalimu anafundisha huku mvua inamdondokea. Ilikuwa filamu nzuri. Hilo nalo lilimkasirisha. Kisha ikatokea baraza yake mwenyewe, na Salomon anaruka: "Mwizi huyu!" Nyuma, Kasongo nzima ilicheka. Mbele, wageni walitikisa vichwa kwa masikitiko, na mmoja akanong'ona, "Tazama, hata hawaoni haya."

Soraya alisikia vicheko vile viwili, kile kilichokuwepo na kile kilichokosekana.

Taa zilipowashwa, Pacifique alisimama ajibu maswali. Salomon alimtangulia. Alipanda mpaka mbele ya kitambaa, akamnyooshea kidole.

"Mwizi!"

Watu wakaanza kucheka. Salomon aliwageukia.

"Musicheke! Kamaldine nilimuita mwizi sababu alikuwa mtani wangu, na alitoa mabati ya nyumba yake akafunika watoto yenu. Huyu si mtani wangu. Babu yangu hakuchanjana na babu yake. Nikimuita mwizi, iko mwizi. Aliiba maneno kwa kinywa yangu, akaacha jembe yangu kwa kaburi!"

Wageni waliulizana. Mtu mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Kweli! Mimi nilibeba yale mabati, nilikuwa darasa la tano." Mwingine akaitikia, na mwingine.

Pacifique aliweka kipaza sauti kitini. Akamjia Soraya. Sauti haikuwa ile ya juzi.

"Mama, sikujua. Nitaikata sehemu hiyo. Leo hii."

Njia yote ya Lusangi Soraya alikuwa ameomba neno hilo. Sasa lilipotolewa, aliona mwizi akifutwa, na Kamaldine naye akitoweka kwenye kitambaa.

"Usikate," alisema. "Kukata ndiko kulikotufikisha hapa. Rudisha ulichotupa. Rudisha kaburi, na jembe, na uende shuleni ukapige picha mabati yangu; yamepata kutu, utayatambua. Na jina lake liandikwe lote."

"Itazidi kipimo," alisema Régina kwa woga. "Kanuni, Madamu..."

"Régina, mimi ndiye niliyekufundisha kusoma Kifaransa. Usinisomee."

Siku ya mwisho filamu ilionyeshwa tena, ndefu, bila kushindania zawadi yoyote. Soraya aliona alichokuwa hajakiona, maana wanawake wa kwao hawaendi makaburini na yeye alikuwa ndani: Salomon ndani ya shimo mpaka mabegani, udongo mwekundu unaruka, vijana wanamwomba apumzike naye anawatishia kwa jembe. Mzee alikuwa analia. Kule matangani hakuna aliyelijua hilo.

Pacifique alimngojea mlangoni, amenyoosha mkono. Soraya aliutazama, akatengeneza mtandio wake, akampita. Siku nyingine, labda.

Nje, Salomon alikuwa amekaa juu ya pikipiki ya kumrudisha Lusangi.

"Mke wangu," alisema, "basi mwizi wetu kasafishwa."

"Nyamaza, mlevi wewe," alisema Soraya, mbele ya watu wote.

Salomon, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuonja pombe, aliinamisha kichwa kupokea.