Ghala Lililotoa Jasho

Nakumbuka, mwanangu, adhuhuri moja ya Desemba, mwaka ule wa mvua za El Niño, nilipoona ghala la baba yangu likitoa jasho mbele ya wakwe. Nimeona mengi tangu hapo, na mengine nimeyaandikia makala marefu ambayo hata mke wangu hayamalizi, lakini hakuna lililoniacha mdomo wazi kama lile.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimekuja likizo nyumbani Kamukuywa nikiwa na miwani ambayo hakuna daktari aliyeniandikia. Nilijiona msomi. Baba alikuwa msomi wa kweli, ila wa mahindi. Miaka ya themanini alikuwa nyapara katika shamba kubwa kule Kitale, na alirudi kwetu Bungoma kama Musa aliyeshuka mlimani na amri zake. Amri ya kwanza ilikuwa hii: hindi bichi haliingii ghalani. Hukatwa pamoja na bua lake, likasimamishwa shambani na wenzake kama hema, mpaka jua na upepo vimalize kazi. Majirani walikuwa wakimletea punje azing'ate. Ikilia ka! kama kokoto, aliwaruhusu waende wakavune. Jino moja lilivunjika katika utumishi huo, na pengo lake alilionyesha kama nishani.

Mwaka ule jua halikuja. Mvua ambayo huaga mwezi wa kumi ilikaa kama mgeni asiyeona wenyeji wakipiga miayo. Mahindi yalisimama shambani yakilowa, na ukipita kando yake ulisikia harufu ya kitu kinachochacha. Huko Matulo watu waliamua kuyabeba kidogo kidogo, wakayaanika darini juu ya moshi wa jikoni na hata chini ya vitanda. Baba naye angefanya hivyo, naamini. Lakini kaka yangu Wafula alikuwa amepata mchumba kutoka Misikhu, na habari zikaja kwamba watu wa msichana wanakuja kuona boma.

Kwetu, mama mzazi wa msichana hakanyagi ovyo kwa mkwewe. Kuna heshima hapo. Shangazi ndiye anayetumwa kuwa macho yake, na macho hayo, kabla ya kutazama viti au ng'ombe, hutazama ghala. Ghala tupu mwezi wa Desemba ni kama mwanamume aliyevaa suruali iliyochanika nyuma. Hakuna atakayesema neno, lakini wote wameona.

Basi wiki moja kabla ya ugeni, baba akatuamuru tuyatoe mahindi yote shambani na kujaza ghala hadi juu.

"Papa, si haya bado ni maji?" Wafula akauliza.

"Wewe unataka bibi ama unataka hali ya hewa?"

Tukajaza. Kisha baba akalizungushia ghala turubai pande zote ili mvua isiingie. Hewa nayo haikuingia.

Siku ikafika. Shangazi wa msichana, au senge kwa lugha yetu, aliitwa Senge Nasimiyu, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mbali, muuza nafaka katika soko la Misikhu. Alivaa kitenge kipya na viatu vyeupe. Baba, kifua mbele, akamwongoza hadi ghalani na kufunua turubai upande mmoja. Mvuke ukatoka, mzito, kama wa sufuria ya ugali.

"Baba Wafula," Senge akasema, "ati ghala yenu imeshapika? Na hata hatujanawa mikono!"

Watu wakacheka. Mimi nikaona nafasi yangu imefika. Nikawaeleza wageni, kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, kwamba huo ulikuwa umande tu uliokutana na joto la mchana. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Senge akapenyeza mkono kati ya fito hadi kiwikoni, akauchomoa kama aliyegusa jiko. Alikuwa ameshika hindi moja. Upande huu limechipua vijani vibichi, upande ule limevaa ukungu mweusi. Kicheko kikakatika. Mama akajishika kifua, maana hicho ndicho kilikuwa chakula chetu chote hadi mavuno mengine.

Lakini mwanangu, si ukungu ulionishtua. Ni uso wa baba. Haukushangaa. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, yeye aliyeifundisha nusu ya Kamukuywa.

"Wewe ndiwe ulifundisha watu hii kitu, bana," Senge akamwambia, sasa kwa sauti ya chini. "Nini kilikuingia?"

"Nyinyi," baba akajibu. "Ningewapokea na ghala tupu?"

"Si tungekula viazi turudi kwetu! Sisi tulikuja kuona kama msichana wetu atakula. Hatukukuja kuona picha."

Kisha akavua vile viatu vyeupe. "Wafula, leta mikeka. Na wewe wa miwani, panda huko juu umwage!"

Wakwe zetu, na nguo zao za kanisani, wakatusaidia kumwaga ghala. Mahindi mazima tuliyapeleka darini juu ya moshi. Mabovu yaliwekwa kando, na lundo lake likakua hadi nikaogopa kulitazama. Baba akajaribu mara ya mwisho.

"Hayo mabaya tupatie kuku. Ama yatengenezwe pombe ya busaa."

"Ukungu ni sumu. Na hao kuku atakula nani?" Senge akauliza. "Na hiyo busaa? Si ni mimi mkwe wako?"

Baba akachukua jembe, akachimba shimo yeye mwenyewe. Sikuwa nimewahi kuona chakula kikizikwa, wala sitaki kuona tena. Tulipoanza kufukia, wazee waliokuwapo wakavua kofia, na hakuna aliyewaambia wavue. Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi nilisaidia kuifukia.

Senge alipoaga alimshika baba mkono. "Msichana atakuja," akasema, "lakini mkishavuna tena. Hatuwezi kuwaongezea mdomo mwaka huu."

Tulikula viazi vitamu na mihogo, tukakonda kwa adabu, na Wafula akangoja.

Sasa nisikilize. Mvua zimezidi kukosa adabu, na msimu mbaya utakufikia hata ukiwa fundi. Hasara ya shambani si aibu, ni hasara. Aibu huanza unapoifunika ili wengine waione kuwa ni mavuno. Nyumba njema si mlango, na ghala jema si lile lililojaa. Hindi bichi liache nje, au lipeleke kwenye moshi, au kubali kuwa mavuno ni kidogo, lakini usilifungie gizani kwa sababu ya wageni. Likishaharibika, lizike, usimlishe kuku wala jirani. Na anayejua akumbuke kwamba kujua peke yake hakukaushi punje hata moja.

Mola akupe mvua ya kupandia na jua la kuvunia. Akikunyima jua, akupe ujasiri wa kufunua turubai mapema, na watu watakaovua viatu wakusaidie kumwaga.