Milango Kumi, Majaribio Arobaini na Tano

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla kengele haijalia, mhudumu wa shule hii anasimama na dasta mkononi mbele ya ubao uliojaa hesabu za jana. Hafuti. Anausoma kwanza mpaka mstari wa mwisho, midomo ikimcheza, ndipo anaupitishia dasta na kuhamia chumba cha pili.

Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa wa kufagia na kufungua vyumba kumi vya jengo hili. Wanafunzi wanamwita Mama Tuseme, kwa sababu hoja zake zote huanza hivyo: tuseme mkosi umeniandama, itakuwaje?

Alijifunza hivyo akideki nje ya darasa. Mwalimu wa hesabu aliuliza: soksi nyeusi na nyeupe zimechanganyika gizani, utoe ngapi uwe na hakika ya jozi ya rangi moja? Darasa likabahatisha weee. Yeye akajibu kimoyomoyo: tatu. Hata mkosi ukikupa moja nyeusi na moja nyeupe, ya tatu haina pa kukimbilia.

Mwezi uliopita mkosi ulimjia kweli, na aliuita mwenyewe. Jioni ya kuamkia mtihani wa mwisho alifunga milango yote, kisha akazilowesha funguo kwenye mafuta ya taa zitoke kutu. Kutu ikatoka, vibandiko vya namba navyo vikatoka. Aligundua asubuhi, saa moja na nusu, watahiniwa wakiwa foleni. Mtihani ulikuwa saa mbili kamili.

Mwalimu mkuu akapiga hesabu ya harakaharaka: milango kumi mara funguo kumi, majaribio mia, nusu dakika kila moja. Dakika hamsini. Akamwita fundi aje kukata vitasa, na mhudumu akaambiwa avue sare, kazi imekwisha.

“Nilishaanza kuvua sare, sikatai,” anasimulia. “Lakini nikamwambia, mkuu, si mia. Tuseme mkosi wote wa dunia ni wangu. Mlango wa kwanza nijaribu funguo tisa, zote zikatae. Ufunguo wa kumi sina haja ya kuujaribu, ndio wenyewe. Mlango wa pili, nane. Nikishuka hivyo mpaka mwisho ni arobaini na tano. Dakika ishirini na tatu, hazizidi.”

Mwalimu wa hesabu akathibitisha kwamba mama huyo hajakosea hata nukta. Mkuu akakubali shingo upande.

Mlango wa kwanza ulikula majaribio yote tisa, watu wakaguna. Yeye wala hakushtuka, maana hayo alishayahesabu. Chumba namba saba, alichokiacha cha mwisho, kilifunguka saa mbili kasoro dakika tano, baada ya majaribio thelathini na manane. Foleni nzima ilimpigia makofi, na mkuu akamwomba radhi mbele yao.

Mama Tuseme aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu. Leo ana arobaini na sita, na wiki iliyopita alijiandikisha kufanya mtihani huohuo mwakani. Amepangiwa chumba namba saba.

Alipoulizwa kama haogopi kufeli, alicheka.

“Tuseme nimefeli,” alisema, akiokota dasta yake. “Nitakuwa nimeyajua yaliyonikatalia, nirudi na yaliyobaki. Na ufunguo wa chumba si ninao mimi?”